Kabla ya Kulipia Dola ya Morgan

Mtu akipata dola ya fedha ya Marekani ya mwaka 1893, mara nyingi anakimbilia kwa sonara. Sonara anaisugua kwenye jiwe, anadondosha tone la asidi, anatazama rangi, anasema: fedha hii ni yenyewe. Mwenye sarafu anarudi nyumbani na tabasamu, hajui kwamba amepata hasara mara mbili. Swali lake halijajibiwa, na sarafu sasa ina mkwaruzo usiotoka.

Lugha yetu nayo inatuponza hapa, maana fedha ni madini na fedha ni pesa. Kwenye dola za Morgan, yaani hizi dola za fedha zilizochorwa na George Morgan, zenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili, vitu hivi viwili huachana mapema. Dola ya kawaida ya 1885 na dola ya 1893 yenye herufi S (alama ya kiwanda cha San Francisco) zina kiasi kilekile cha fedha safi, gramu 24.06 kila moja. Lakini ya kwanza bei yake haiendi mbali na bei ya madini, na ya pili huuzwa kwa maelfu ya dola hata ikiwa imechakaa. Kinacholipiwa ni tarakimu nne na herufi moja ndogo kuliko punje ya mchele. Ndiyo maana mghushi mjanja hahangaiki na madini. Anachukua dola halali kabisa, anachezea herufi tu.

Madini tuyapitie haraka basi, bila kuyaruka. Mizani iwe ya kielektroniki, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Dola ya Morgan ina uzito wa gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1, kiwandani iliruhusiwa kuzidi au kupungua kwa takriban gramu 0.1 tu. Iliyozunguka mikononi miaka mingi hupungua, na gramu 26 kwa sarafu iliyochakaa sana si jambo la kushtua. Lakini sarafu inayoonekana mpya ikisoma 26.2, au 27.1, iweke chini. Bandia za bei rahisi ni shaba au chuma kilichopakwa fedha, na zile za chuma hunaswa na sumaku papo hapo.

Ukiwa bado na shaka, pima kwa maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala ubavu wa kikombe. Mizani isome karibu na 2.59. Gawanya uzito wa hewani kwa namba hiyo, upate 10.3, na hiyo ndiyo densiti (uzito ukilinganishwa na wa maji) ya mchanganyiko wa asilimia 90 fedha na 10 shaba. Kinachoharibu kipimo hiki ni viputo vya hewa vinavyojificha kwenye manyoya ya tai na kwenye nywele: vinaongeza namba ya maji, na sarafu halali inaonekana bandia. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na tone moja la sabuni. Ukimaliza, suuza, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa cha pamba. Usisugue. Ile ya kuigonga mezani usikilize mlio waachie wanaouza chakavu. Pigo moja ukingoni hushusha bei kuliko faida ya kujua.

Kwa wasomaji wa pwani, mizani hutenganisha pia jambo jingine. Sarafu kubwa ya fedha inayotoka kwenye kisanduku cha bibi Unguja, Lamu au Maskati, mara nyingi si dola ya Marekani. Ni ile reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria: gramu 28.07, fedha asilimia 83.3, na ubavuni badala ya mistari kuna maandishi ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Zote zimeandikwa 1780, hata zilizogongwa karne ya 20, kwa hiyo mwaka hauambii umri. Nyingi zilizopo ni za kugongwa upya na thamani yake ni ya madini yake. Iliyo nadra ni reale ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria, na watu huichanganya na pesa ya shaba ya mwaka huohuo, ambayo ni tele.

Turudi kwa Morgan. Kalenda yake ukiijua kichwani, utawakamata waongo wengi kabla hata ya kutoa lenzi. Za zamani ziligongwa tangu 1878 hadi 1904, zikasimama, zikagongwa tena 1921. Herufi ya kiwanda iko upande wa tai, chini ya fundo la utepe wa shada, juu ya herufi D na O za neno DOLLAR. O ni New Orleans, S ni San Francisco, CC ni Carson City kule Nevada, D ni Denver, na pasipo herufi ni Philadelphia. Kati ya hizo za zamani, Denver iligonga mwaka 1921 pekee. Carson City iligonga 1878 hadi 1885, kisha 1889 hadi 1893. Kwa hiyo ukiletewa 1887 yenye CC, au 1895 yenye CC, huna haja ya mizani. Mitandaoni zimejaa.

Kingine ni kifua cha tai. Dola za mwanzo za 1878 zina kifua bapa, na unyoya wa juu kabisa wa mshale unakwenda sambamba na ule wa chini yake. Baadaye mwaka huohuo ulikuja mchoro mpya wenye kifua cha mviringo na unyoya uliolala mshazari. Wanaoghushi huchanganya, wanaweka mgongo (upande wa tai) wa 1878 kwenye tarehe ya 1890 na kitu. Usiigeuze hii kuwa sheria ya chuma, maana Carson City walitumia mihuri ya zamani (vyuma vya kugongea sarafu) kwenye baadhi ya dola za 1880, na hizo ni halali.

Kila anayekagua anahitaji sarafu ya kulinganishia mezani, na hapa wengi hukosea. Hununua ya 1921 kwa sababu ziligongwa zaidi ya milioni 44 pale Philadelphia peke yake. Lakini mihuri mama ya zamani ilikuwa imeshaharibiwa, ikabidi michoro itengenezwe upya, na dola za 1921 zikatoka na uso bapa zaidi na nywele hafifu. Ukiichukua hiyo kuwa kigezo, dola nzuri ya 1881 itaonekana ya uongo. Nunua ya 1881 yenye S au ya 1885 yenye O. Zote mbili ni za kawaida.

Sasa ile ya 1893 yenye S. Ziligongwa 100,000 tu. Bahati nzuri ya wakaguzi ni kwamba muhuri wa upande wa kichwa ulikuwa mmoja kwa zote, kwa hiyo kila alama iliyokuwa kwenye muhuri huo ilihamia kwenye kila sarafu. Chukua lenzi ya mara 10, nenda kwenye neno LIBERTY lililoandikwa kwenye utepe wa kichwani. Juu ya herufi T kuna mstari mwembamba wa mshazari, ulioinuka. Kwenye mguu wa kushoto wa herufi R kuna vistari vidogo, navyo vimeinuka. Kuinuka huko ndiko kunakotofautisha: kilichochongwa kwenye muhuri hutokeza juu kwenye sarafu, ila mkwaruzo wa baadaye huzama. Kisha shuka kwenye tarehe. Imepanda kidogo kuelekea kulia, na tarakimu 1 imekaa katikati juu ya jino mojawapo la ukingoni, kati ya vile vijino vinavyoizunguka sarafu. Dola ya 1893 isiyo na herufi, iliyobandikwa S, haitakuwa na alama hizi hata kama S yake imebandikwa na fundi hodari. Vivyo hivyo ya 1898 yenye S, ambayo 8 ya mwisho imechongwa ikawa 3. Kwenye sarafu iliyochakaa mno alama za LIBERTY hufifia, hapo unabaki na mkao wa tarehe.

Herufi ya kubandika ina dalili zake. Ya 1889 yenye CC ndiyo inayoghushiwa sana kwa njia hii, kwa kuwa ziligongwa 350,000 tu ilhali za Philadelphia za mwaka huo ni zaidi ya milioni 21, malighafi haikosekani. Inamisha sarafu ili mwanga uje kwa ubavu, uangalie kitako cha herufi. Herufi halali imeota kutoka kwenye uwanja, yaani sehemu bapa isiyo na mchoro. Madini yamepanda bila kukatika, kama ukuta uliopigwa lipu pamoja na sakafu. Iliyobandikwa ina ufa mwembamba chini, mara nyingi mweusi, na uwanja unaoizunguka unang'aa tofauti kwa sababu mtu aliupaka msasa kuficha gundi au lehemu. Ikishikwa na gundi, asetoni huiachisha. Ikiwa ni lehemu haitoki, lakini rangi ya kijivu huvuja pembeni. Halafu umbo: linganisha ukubwa wa C mbili, nafasi kati yake na kuinama kwake na picha za sarafu zilizothibitishwa za mwaka huohuo. Mghushi anayekata CC kutoka kwenye dola ya 1878 anaisahau hii, maana CC za 1878 ni ndogo.

Ila ubaya wa sura usikufanye ukimbie. Baadhi ya dola za 1879 za Carson City zina CC iliyochafuka, iliyojaa vinundu, kwa sababu kiwandani waligonga CC kubwa juu ya CC ndogo. Ukiiona mara ya kwanza utaapa imebandikwa. Ni halali.

Ya 1895 ni kinyume chake: hapo kinachoghushiwa ni kutokuwepo kwa herufi. Za Philadelphia za mwaka huo zinazojulikana ni zile 880 za maonyesho, zilizogongwa kwa ajili ya wakusanyaji, zenye uwanja kama kioo na ukingo mkali wa mraba. Mtu anachukua ya 1895 yenye O au S, anaikwangua herufi. Tazama chini ya fundo la utepe: uwanja uliokwanguliwa umebonyea kidogo na una mikwaruzo inayokwenda upande mmoja. Tena jiulize imekuwaje sarafu ya maonyesho ikawa na uwanja mwororo wa kawaida.

Kisa kinachopaswa kumnyenyekesha kila mwenye lenzi ni cha herufi ndogo ya O. Dola za 1896, 1900 na 1902 zenye O ndogo kupita kiasi zilihesabiwa kwa miongo mingi kuwa aina adimu za New Orleans, zikapewa namba kwenye orodha za wataalamu na kuuzwa kwa bei ya juu. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba ni bandia za zamani. Fedha yake ilikuwa ya kweli. Miaka ile ya 1890 fedha iliyomo ndani ya dola moja ilishuka hadi karibu senti 50, kwa hiyo aliyegonga dola kwa fedha safi alikuwa anapata faida ya karibu nusu. Kilichowaumbua ni mihuri: tarehe zilizoachana miaka kadhaa zilikuwa na mgongo mmoja wenye kasoro ileile, jambo ambalo kiwanda cha serikali kingelieleza kwa shida. Ya 1899 yenye O ndogo imebaki halali, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

Bandia za leo zilizo nzuri zinaumbuliwa kwa njia hiyohiyo. Muhuri wake hunakiliwa kutoka kwenye sarafu halisi, pamoja na makovu yake. Kama ile mama ilikuwa na kovu shavuni na jingine karibu na nyota ya tatu, kila mtoto atazaliwa na makovu hayo, mahali palepale. Ukiona dola mbili za tarehe tofauti zina pigo moja, zote mbili ni za mashine moja. Makovu hayo ya kurithi huwa na kingo laini na ndani yake mna mng'aro uleule wa uwanja, wakati kovu la kweli lina kingo kali na ndani yake pameng'arishwa na kilichogonga. Meno ya ukingoni nayo huwa mviringo, kama yaliyolambwa.

Kuhusu zile zilizofungwa kwenye kasha la plastiki na kampuni za kupanga daraja: kasha nalo hughushiwa, na namba iliyoandikwa juu yake inaweza kuwa namba halisi ya sarafu nyingine. PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza 1987, zote huruhusu kuangalia namba mtandaoni, na kwa sarafu nyingi kuna picha. Usiishie kwenye kuona tarehe zinalingana. Chagua kovu moja kwenye picha, tuseme chini ya jicho, ulitafute kwenye sarafu iliyo mkononi mwako. Lisipokuwepo, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kupanga daraja ni kazi nyingine kabisa, na hapa pesa nyingi hupotea kwa sarafu halali. Kipimo ni 1 hadi 70, kilichobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba. Hadi 58 ni zilizotumika, 60 kwenda juu ni ambazo hazijatumika. Mpaka kati ya 58 na 60 ndio wenye gharama. Chukua dola ya 1884 yenye S: ziligongwa zaidi ya milioni 3, na zilizochakaa kidogo hazina bei ya kutisha. Isiyotumika kabisa ni nadra sana, na bei yake haifanani hata kwa mbali. Kwa hiyo muuzaji wa 1884-S atakuapia kwamba haijatumika, na wewe kazi yako ni kutafuta msuguano.

Zima taa za tyubu. Washa balbu moja ya manjano ya wati 75 hivi, iwe umbali wa sentimita 30. Shika sarafu ubavuni kwa gumba na kidole cha shahada, juu ya kitambaa laini, uizungushe polepole huku ukiiinamisha. Kwenye sarafu ambayo haijatumika, mistari ya mwanga hukimbia kuzunguka uwanja kama spoki za baiskeli, haikatiki. Sasa fuata sehemu zilizoinuka: shavu, nywele zilizo juu ya sikio, vitumba vya pamba kwenye kofia, kifua cha tai. Mwanga ukifika hapo ukazimika na kuacha doa la kijivu, pameguswa. Hiyo ni 58 au chini, hata kama kila kitu kingine kinapendeza.

Tatizo ni New Orleans. Kiwanda kile mara nyingi kiligonga bila nguvu ya kutosha, na dola zake nyingi, za 1892 kwa mfano, zina nywele bapa juu ya sikio na kifua cha tai kisicho na manyoya hata zikiwa mpya. Mgeni anaona ubapa anasema imechakaa. Sogeza lenzi: palipogongwa hafifu pana chembechembe na vijikwaruzo vya bamba la fedha kabla ya kugongwa, na mng'aro unapita juu yake. Palipochakaa pamekuwa laini na hapana mng'aro. San Francisco ya 1879 hadi 1882 ni kinyume, kila unywele unahesabika, kwa hiyo hapo ubapa hauna udhuru.

Ukishavuka 60, makovu ndiyo yanayoamua. Dola hizi zilifungwa elfu moja kwenye gunia la turubai, zikarushwa kutoka hazina hadi hazina, zikigongana njia nzima. Kovu lililo kwenye nywele au manyoya halionekani sana. Kovu hilohilo katikati ya shavu, au kwenye uwanja mtupu mbele ya uso, linaweza kuishusha sarafu kutoka 65 hadi 63. Tunashauri daraja la kwanza litolewe kwa macho matupu, kisha lenzi ya mara 5 ithibitishe. Ukianza na lenzi ya mara 10, kila sarafu itaonekana imetoka vitani.

Halafu kuna usafi, ugonjwa usio na dawa. Ndimu na majivu, dawa ya meno, magadi na karatasi ya alumini kwenye maji ya moto, vyote huacha alama. Kusugua huacha mikwaruzo myembamba kama unywele, sambamba, inayojitokeza sarafu ikigeuzwa kwenye mwanga na kupotea tena. Dawa ya kuchovya haisugui, lakini inakula ile mistari midogo sana iliyoachwa na madini yalipotiririka chini ya muhuri, na mistari hiyo ndiyo mng'aro wenyewe. Baada ya kuchovywa mara kadhaa sarafu inakuwa nyeupe iliyokufa, kama sufuria, na mabaki ya dawa yanabaki kuzunguka nyota. Sarafu ya namna hii kampuni za daraja huiandikia hali yake bila kuipa namba, na soko huiadhibu vilivyo.

Kitu kimoja tu tunakikubali: asetoni safi, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye mafuta na manukato. Bakuli la kioo, nje ya nyumba mbali na moto, dakika 5, kisha suuza kwenye asetoni nyingine mpya na uache ikauke yenyewe. Inaondoa gundi, mafuta ya mikono na ule ute wa kijani unaotoka kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC, vile vinavyonuka kama mpira mpya. Ute huo ukikaa miaka unatafuna fedha, na kwenye unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa hausubiri miaka mingi. Weka kila sarafu kwenye kifuko kigumu cha maila (Mylar, plastiki isiyo na PVC), na ndani ya sanduku weka pakiti za silika, uzibadilishe au uzikaushe zinapojaa maji.